Tela, Gari la Kukokotea na Mkataba wa Kukodi

Katika makala haya twakusudia kueleza fungu la maneno ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, tena la mafundi peke yao: maneno ya tela, ya gari linalolikokota, na ya mkataba ambao kwao vyombo hivyo hukodiwa au kununuliwa na mtu anayehama. Tumelichagua fungu hili kwa kuwa maandishi yake sasa yanahitajiwa kwa Kiswahili. Wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka mashariki ya Kongo, wamepewa makazi katika miji mbalimbali ya Marekani, na huko mtu anayehama kutoka jimbo moja kwenda jingine aghalabu hakodi lori na dereva wake. Hukodi tela, akalifunga nyuma ya gari lake mwenyewe, akapakia vitu vyake na watoto wake, akashika njia. Karatasi anazopewa kutia sahihi zimejaa istilahi, na mfasiri anayempelekea karatasi hizo kwa lugha yake ana dhima kubwa. Mfasiri wa hadithi akikosea neno, msomaji hupoteza ladha. Mfasiri wa maelezo ya tela akikosea neno, tela laweza kupinduka.

Yafaa msomaji ajue desturi hii ilikotoka, kwa sababu ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya istilahi zake. Mwaka 1945, Leonard Shoen na mkewe Anna Mary Carty Shoen walihama kutoka Los Angeles kwenda Portland. Walitaka kukodi tela la kubebea vitu vyao na kuliacha huko waendako, wasimpate mtu wa kuwakodisha kwa masharti hayo. Mwaka huohuo wakaanzisha, katika mji mdogo wa Ridgefield, jimbo la Washington, kampuni iliyoitwa U-Haul. Jambo jipya halikuwa tela lenyewe, maana matela yalikwisha kuwapo. Jambo jipya lilikuwa kwamba mtu aweza kulichukua tela mji mmoja na kulirudisha katika mji mwingine ulio mbali, kwa wakala mwingine wa kampuni ileile. Hapo ndipo ulipotokea mgawanyo ambao kila mkataba wa huko unao: kukodi kwa safari ya kwenda tu, na kukodi kwa kwenda na kurudi. Mfasiri asiyejua historia hii huyaona maneno hayo akadhani yanahusu nauli ya abiria.

Kwetu hali ni nyingine. Mtumishi wa serikali anapopewa uhamisho hutafuta lori, fuso au kenta, na gari hilo huja na dereva pamoja na utingo wake. Hata pale shughuli za serikali zilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi baada ya tangazo la mwaka 2016 (ingawa uamuzi wenyewe ni wa tangu 1973) watu walihamisha vyombo vyao kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo masikioni mwa msomaji wa Tanzania au Kenya, maneno "kukodi gari" yana dereva ndani yake, na dereva huyo ndiye anayetazamiwa kujua uzito, breki na barabara. Katika mkataba wa Marekani dereva hayumo. Anayekodi ndiye dereva, ndiye utingo, na ndiye mwenye kujibu likitokea la kutokea. Kwa sababu hiyo twashauri mfasiri asitosheke na "kukodi tela". Mahali pa kwanza ambapo jambo hilo latajwa aandike "kukodi tela la kuendesha mwenyewe", hata kama matini asilia hayakusema hivyo. Huko halina haja ya kusemwa. Kwetu lina haja.

Kuhama na jamaa zake

Kitenzi hama kina ukoo mkubwa, na kila jina lililotokana nacho limekwisha kugawiwa kazi yake. Uhamisho, kwa mtumishi, ni barua inayomtaka aripoti katika kituo kipya. Kwa wakili, uhamisho wa umiliki ni kuandikwa kwa jina la mwenye mali mpya. Uhamiaji ni idara inayoshughulika na pasipoti na mipaka. Uhamaji aghalabu husemwa juu ya wafugaji au juu ya watu kutoka vijijini kwenda mijini. Sasa mfasiri akikiita kijitabu cha mtu anayebadili nyumba "Mwongozo wa Uhamiaji", msomaji aliyekwisha kuishi kambini miaka kumi na kuhojiwa mara nyingi atakifungua kwa hofu, akitafuta habari za kibali chake. Tumeona tafsiri ya namna hiyo. Tendo hili liitwe kwa jina lake la kila siku, kuhama nyumba au kuhama makazi, na vitu vyenyewe viitwe mizigo ya nyumbani. Neno samani ni zuri, lakini meza na vitanda ni samani. Sufuria, magodoro na mabunda ya nguo si samani.

Kuvuta, kukokota, kuburuta, kufungasa

Kiswahili hakina umaskini hapa. Vuta ni neno pana mno: twavuta kamba, twavuta sigara, twavuta subira. Buruta ni kuvuta kitu kinachosugua ardhi, na mwenye gari hapendi kusikia kuwa gari lake linaburutwa. Fungasa ni neno la mabaharia, chombo kimoja kinapokivuta kingine kwa kamba majini. Twaona liachwe huko baharini ambako lina kazi yake ya kuvuta matishali na vyombo vilivyokwama. Kokota ni kuvuta kitu kizito kinachofuata nyuma, na ndilo lililotupa neno mkokoteni. Mkokoteni ni babu wa tela: una ekseli, una magurudumu, hauna injini. Kwa hiyo tendo la gari kuvuta tela twapendekeza liitwe kukokota.

Kuna sababu nyingine ya kuliepuka neno vuta. Baadhi ya wafasiri wameandika "gari la kuvutia" kwa maana ya gari linalovuta tela. Kisarufi hawakukosea, kwa kuwa kitenzi kimeingizwa kauli ya kutendea kuonyesha chombo cha kufanyia kazi. Lakini kila msomaji ataelewa kuwa gari hilo ni zuri la kupendeza macho. Gari la kukokotea halina utata huo. Mtu mmoja alitushauri tulifupishe liwe neno moja, "kikokotaji". Hatukukubali, kwa kuwa tangu mjadala wa mafao ya wastaafu wa mwaka 2018 neno kikokotoo limekaa karibu mno na mioyo ya watumishi wa Tanzania, na mtu aliyesoma upesi atadhani habari ni ya pensheni.

Tumalize hapa na neno la mitaani ambalo hatuna budi kulitaja, brekidauni. Gari likiharibika njiani husemwa limepata brekidauni; gari linalokuja kulikokota nalo huitwa brekidauni. Ni sawa na kumwita mganga kwa jina la ugonjwa. Katika maandishi rasmi yafaa kuandika gari la kukokota magari mabovu, hata kama ni refu.

Tela na aina zake

Tela na trela yote mawili yanatumika, na hatuoni sababu ya kuliadhibu mojawapo. Lugha iliyokwisha kuzikubali treni na trekta haiwezi kusema kuwa haitamki konsonanti hizo mbili pamoja. Sisi tumechagua tela kwa wepesi wake, na twaliweka katika ngeli ya li-ya: tela hili, matela haya. Mwalimu atakayelikuta "tela hii, tela hizi" katika magazeti asimwadhibu mwanafunzi, ila katika waraka mmoja utumike upatanisho mmoja. Msomaji aliyelelewa Kongo huenda amezoea neno la asili ya Kifaransa, na kwake tanbihi fupi mwanzoni yatosha. Neno behewa lisitumiwe. Behewa hufuata reli, na hesabu za uzito wake ni nyingine kabisa.

Madereva wa njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma au Rusumo wana msamiati wao, nao ni mzuri. Gari la mbele lenye injini huliita kichwa, kama vile treni inavyokuwa na kichwa. Tela lisilo na ekseli za mbele, ambalo mbele yake hulala juu ya kichwa, huliita semi. Twapendekeza semi-tela kwa maandishi, na tela kamili kwa lile lenye ekseli mbele na nyuma, ambalo lasimama lenyewe likifunguliwa. Tela dogo la kuhamia nyumba ni namna ya tatu: lina ekseli moja au mbili zilizokaribiana katikati, na sehemu ya uzito wake huegemea nyuma ya gari. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana hatari nyingi za tela hutokana nalo. Kwa umbo, kuna tela la wazi, ambalo hufunikwa kwa turubai, na tela la bodi, lililofungwa pande zote na lenye mlango.

Mkono, tufe na kikombe

Chuma kirefu kinachotoka mbele ya tela kwenda kushika gari, Wamarekani hukiita ulimi. Waingereza wanapotaja uzito unaolala hapo husema uzito wa pua. Hakuna sababu ya sisi kuwa na tela lenye ulimi wala lenye pua. Mkokoteni una mikono ambayo mvutaji huishika, na tela nalo lina mkono. Twapendekeza mkono wa tela.

Nyuma ya gari hufungwa chuma chenye kichwa cha mviringo. Hesabu za shule zimekwisha kutupa neno tufe kwa umbo hilo, basi na liwe tufe la kiungio. Mwishoni mwa mkono wa tela pana chuma chenye shimo linalolifunika tufe na kujifunga kwa kitasa: kikombe cha kiungio. Vyote viwili pamoja ni kiungio. Chini ya kiungio hupita minyororo ya usalama miwili, nayo hufungwa kwa kupishana kama herufi ya eksi, ili kiungio kikifunguka mkono wa tela uangukie juu ya minyororo usichome lami. Tumewahi kusoma tafsiri iliyosema minyororo "ifungwe sambamba". Neno sambamba lina heshima ya kitaalamu, nalo lilitumiwa kwa sababu hiyo, lakini maana yake ni kinyume cha kilichotakiwa.

Hapa pana mtego mwingine, nao ni wa vipimo. Marekani matufe hupimwa kwa inchi, na ya kawaida ni ya inchi 1 na 7/8, inchi 2, na inchi 2 na 5/16. Ulaya, Uingereza ikiwamo, tufe la kawaida ni la milimita 50. Inchi 2 ni milimita 50.8. Mfasiri mwenye nia njema, akitaka kumrahisishia msomaji aliyezoea mita, huandika "tufe la inchi 2, yaani milimita 50". Tofauti ni chini ya milimita moja, lakini kikombe cha inchi 2 juu ya tufe la milimita 50 hukaa kwa kulegea, na kilicholegea chaweza kuruka katika shimo la barabara. Kipimo kilichochongwa juu ya chuma kinakiliwe kama kilivyochongwa. Kisibadilishwe wala kukadiriwa.

Uzito

Katika sehemu hii ndiko tulikokuta makosa mengi kuliko pengine pote, na chanzo chake ni kuwa Kiswahili cha kawaida hutosheka na neno moja, uzito, mahali ambapo kibandiko cha tela kina maneno manne au matano. Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme tela likiwa halina kitu lina kilo 400, na kibandiko chasema pamoja na kilichomo ndani lisizidi kilo 1,200. Mfasiri akaandika: "Uzito wa tela usizidi kilo 1,200." Msomaji atauliza, tela gani, lile tupu au lililojaa? Aghalabu ataelewa kuwa anaruhusiwa kupakia kilo 1,200. Akifanya hivyo, tela litakuwa na kilo 1,600, yaani kilo 400 zaidi ya kiasi ambacho tairi na ekseli zake zilitengenezwa kuchukua.

Twapendekeza istilahi zifuatazo, na twaomba zitumike bila kubadilishana nafasi. Uzito mtupu ni wa tela bila mzigo. Uzito wa mzigo ni wa vitu vilivyopakiwa. Uzito jumla ni hizo mbili pamoja. Uzito jumla unaoruhusiwa ni kikomo alichokiweka mtengenezaji. Katika mfano wetu, uzito mtupu ni 400, uzito jumla unaoruhusiwa ni 1,200, kwa hiyo mzigo usizidi 800. Maneno si mageni. Jambo linalotakiwa ni kutosema "uzito" peke yake.

Kisha kuna uzito wa msafara, yaani gari na tela pamoja na kila kilichomo. Wengine wamependekeza "uzito unganifu". Nasi hatuna ugomvi nalo, ila msafara laeleweka na dereva asiyesoma kamusi. Umuhimu wake ni huu: gari lenye watu na vitu laweza kuwa na kilo 1,700, ambazo ni halali, na tela kilo 1,200, ambazo pia ni halali, lakini mtengenezaji wa gari akawa ameweka kikomo cha msafara kuwa kilo 2,800. Msafara umezidi kwa kilo 100 ingawa kila kimoja peke yake hakijazidi. Madereva wa malori ya kwetu hulijua jambo hili kwa kupita mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa msafara mzima, na juu ya hilo kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Lori laweza kupita kwa jumla likakamatwa kwa ekseli. Mwalimu anayetaka mfano wa darasani asiende mbali.

Linabaki neno gumu kuliko yote: ule uzito ambao mkono wa tela huubwaga juu ya tufe. Twauita uzito wa kiungioni. Maelezo ya Marekani kwa kawaida hutaka uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito jumla wa tela. Kwa tela letu la kilo 1,200, ni kilo 120 hadi 180. Ukipungua mno, yaani mizigo mizito ikiwekwa nyuma, tela huanza kuyumba nyuma ya gari mwendo unapoongezeka. Ukizidi, nyuma ya gari hulala, mbele hunyanyuka, na usukani na breki za mbele hupungukiwa nguvu. Ndiyo maana mpakiaji huambiwa aweke kiasi cha asilimia 60 ya mzigo katika nusu ya mbele ya tela. Maelezo ya Uingereza kwa matela ya kulala hutaja asilimia 5 hadi 7. Mfasiri asidhani mojawapo ni kosa la chapa akalisahihisha kwa kufuata jingine. Magari, matela na mwendo wa nchi hizo havifanani. Pia asisahau kuwa kilo hizo 120 hadi 180 huhesabiwa kuwa sehemu ya mzigo wa gari lenyewe, kama kwamba watu wawili wamekaa nyuma.

Juu ya vipimo vya Kimarekani, wazee wa pwani walikuwa na ratili, na ratili 35 hivi zilifanya frasila moja. Ratili ingefaa sana kwa uzito wa Kimarekani, lakini vijana hawaijui tena. Twashauri paundi kwa uzito na pauni kwa fedha, na kilo ziandikwe kando yake: paundi 2,000, sawa na kilo 907. Hapa kugeuza kunafaa, kwa kuwa uzito haukuchongwa juu ya chuma cha kuingiliana na chuma kingine.

Barabarani

Kuyumba ndilo neno la tela linapokwenda huku na huku. Kujikunja ni pale tela linapolisukuma gari mpaka vyote viwili vikakunjana kama kisu cha mfukoni. Neno hilo linatosha, halihitaji kisu ndani yake. Dereva tela linapoyumba huambiwa aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani usogee kidogo iwezekanavyo, asikanyage breki kwa ghafula. Amri hizi ziandikwe kwa sentensi fupi zenye kitenzi mwanzoni: "Ondoa mguu kwenye mafuta. Usikanyage breki." Tafsiri isemayo "inashauriwa kwamba kichapuzi kiachiliwe" ni Kiswahili safi, lakini itamfikia dereva tela likiwa mtaroni.

Sheria za leseni hutofautiana, nazo hubadilika. Huko Uingereza bara, waliofaulu mtihani wa gari dogo tangu 1 Januari 1997 walikuwa na mipaka mikali ya kukokota. Tangu 16 Desemba 2021 wanaruhusiwa kukokota tela la hadi kilo 3,500 kwa leseni hiyohiyo, na tela lenye uzito jumla unaoruhusiwa wa zaidi ya kilo 750 lazima liwe na breki zake. California magari yanayokokota hayaruhusiwi kuzidi maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi. Mfasiri aandike tarehe ya matini aliyoyatumia.

Mkataba

Watumishi wa mahakama na wa ununuzi watalijua tatizo letu la kwanza: kodi na kodisha. Kwa sarufi, anayetoa fedha anakodi, na mwenye mali anakodisha. Katika mazungumzo watu husema "nimekodisha gari" kwa maana zote mbili, na hakuna ubaya katika mazungumzo. Lakini tazama kifungu hiki: "Mkodishaji atalipa gharama za kutengeneza tairi iliyopasuka." Ni nani atakayelipa? Wasomaji wawili waweza kwenda mbele ya hakimu na kila mmoja akawa na Kiswahili upande wake. Twapendekeza mkodi kwa anayechukua tela na mkodishaji kwa mwenye tela, na mwanzoni mwa mkataba maneno hayo yafafanuliwe kwa sentensi moja kila moja. Mpangaji na mpangishaji yabakie kwa nyumba.

La pili ni fedha za mwanzo. Kuna fedha anazotoa mtu ili tela lisipewe mwingine, ambazo asipokuja huenda azipoteze. Hiyo ni arubuni, neno la kale la biashara yetu, na ni ajabu kuwa wafasiri wanaliogopa. Kuna fedha zinazoshikwa mpaka tela lirudi salama, kisha zirudishwe. Wengi huziita amana, lakini amana ni kitu kilichowekwa ili kitunzwe kwa faida ya mwenyewe. Fedha hizi zashikwa kwa faida ya mkodishaji. Ziitwe dhamana ya kurudishwa. Anayekabidhiwa karatasi isemayo "amana" na asirudishiwe senti kwa sababu ya mchubuko wa rangi, ataona ameibiwa. Aliyesoma "dhamana" alikwisha kujua kuwa fedha zake ziko rehani.

La tatu ndilo linaloumiza watu zaidi. Makampuni ya kukodisha huuza, kwa malipo madogo ya ziada, ahadi kwamba hayatamdai mkodi uharibifu wa tela, au yatamdai sehemu tu. Karibu kila tafsiri tuliyoiona imeiita ahadi hiyo "bima". Ahadi hiyo peke yake si bima. Hakuna kampuni ya bima nyuma yake; ni mwenye tela anayesamehe haki yake mwenyewe, tena kwa masharti. Kabati la mkodi likivunjika ndani ya tela, au tela likiligonga gari la mtu, msamaha huo haumhusu kabisa. Mama aliyelipia "bima" akapoteza vyombo vyake vyote njiani, alidanganywa na neno moja. Twapendekeza msamaha wa fidia ya uharibifu, na mfasiri asione aibu kuongeza: "Huu si bima ya mizigo yako."

Mengine ni mepesi. Malipo ya kuchelewesha yasiitwe faini, kwa kuwa faini hutozwa na mahakama au mamlaka. Ni ada ya kuchelewa. Hali ya chombo kuchoka kwa matumizi halali ni uchakavu wa kawaida, na mkodi hadaiwi kwa huo.

Anayehama mara kwa mara huenda akaona heri anunue. Maneno ya kununua twayo tayari: hati ya mauziano, uhamisho wa umiliki, malipo kwa awamu. Mnunuzi wa tela lililotumika ajue kuuliza habari za kutu ya chasisi, bearingi za magurudumu, na umri wa tairi, ambazo hukauka na kupasuka hata kama hazikutembea. Akumbuke pia kuwa tela aghalabu huandikishwa peke yake: nchini Kenya, kwa mfano, namba za matela huanza na herufi Z, mbali na namba ya gari linaloyakokota.

Kuna chombo kimoja hatujakipatia jina. Ni kile kigari kifupi chenye magurudumu mawili, ambacho gari linalohamishwa hupandishwa magurudumu yake ya mbele tu, yale ya nyuma yakibaki yakizunguka barabarani. Kisichanganywe na tela la kubebea gari, ambalo huchukua magurudumu yote manne, kwa sababu magari mengine yakikokotwa huku magurudumu ya nyuma yakizunguka huharibika giaboksi. Tumefikiria "kigari nusu", tukaona hakisemi nusu ya nini. Tumefikiria "kibeba-mbele", na wenzetu wawili wakacheka. Wasomaji walio karibu na karakana, bandari au vituo vya malori, wakilisikia jina ambalo mafundi wenyewe wanalitumia, wamwandikie mhariri, wakitaja mahali walipolisikia na mtu wa kazi gani aliyelitamka.